Pete ya ndoa inawasha kidole: mara nyingi kosa ni la nikeli

Kwenye meza za Birere na soko la Virunga, hapa Goma, kuna pete zinazong'aa kama dhahabu lakini bei yake si ya dhahabu hata kidogo. Wengi wanaofunga ndoa wananunua hizo. Kisha, baada ya wiki au miezi, kidole kinaanza kuwasha, ngozi inatoa vipele na kupasuka. Mama anatoa pete, bwana anauliza kwa nini, na maneno yanaanza nyumbani.

Pete ya bei chini ni mchanganyiko wa madini: shaba na zinki, mara nyingi pamoja na nikeli, inayoifanya kuwa ngumu na nyeupe. Juu yake wanapaka dhahabu nyembamba sana. Ile rangi inaisha kwa sabuni, mchanga na kazi ya kila siku. Jasho linagusa madini ya chini, nikeli kidogo inayeyuka na kuingia kwenye ngozi. Kuna watu ambao mwili wao unaichukua kama adui, na ukishaizoea hivyo, kwa kawaida hausahau tena maisha yote. Kobalti, ile inayochimbwa Kolwezi, nayo inaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Kidole kuwa kijani ni jambo lingine. Hiyo ni shaba tu, osha, inatoka.

Utajuaje kama ni nikeli? Angalia pia chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi au chuma cha mkanda kinagusa, nyuma ya saa, na masikio penye herini. Kama na huko kunawasha, jibu liko karibu. Lakini kama ni chini ya pete peke yake, inaweza kuwa sabuni na maji vinavyobaki pale ukifua nguo. Sumaku ambayo wengine wanatumia kupima haisaidii: mchanganyiko wa shaba na nikeli hauvutwi.

Kitu kinachotutia wasiwasi zaidi ni dawa. Watu wanapaka pomadi zenye klobetasoli, zile za kung'arisha ngozi. Kuwasha kunatulia siku chache, pete inarudi kidoleni, pomadi inaendelea, na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Toa pete kwanza. Ngozi ikitoa maji au usaha, nenda kituo cha afya.

Ulaya waliweka sheria mwaka 1994 kupunguza nikeli inayotoka kwenye vitu vya kuvaa. Kwetu, pete ya mezani mara nyingi haina karatasi yoyote ya kueleza ndani mna nini. Chuma kisichoshika kutu, kile cha aina ya 316L, kina nikeli lakini kinaishikilia sana, watu wengi wanakivaa bila shida. Dhahabu ya manjano ya karati 18 ni robo tatu dhahabu. Ile nyeupe, uliza kwanza, kwa sababu nyingine imechanganywa na nikeli. Na kama hakuna pesa sasa, verni ya kucha isiyo na rangi, ikipakwa upande wa ndani wa pete, inakinga siku chache, halafu unapaka tena. Ngojea kwanza ngozi ipone.