Soda Si Dawa ya Kiu: Mfano wa Galbet, Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii yatufaa tunapotazama unywaji wa soda katika wadi ya Galbet, mjini Garissa. Mji huu ulio kando ya Mto Tana una joto kali. Nyuzi 35 za selsiasi si ajabu wakati wa mchana. Haishangazi basi kuwa soda baridi imepata heshima kubwa. Mgeni huandaliwa soda pamoja na wali na nyama ya mbuzi, kreti za soda hazikosi arusini, na hata mtoto mgonjwa huweza kununuliwa chupa ili anyamaze. Makala hii inakusudia kueleza soda inafanya nini mwilini, na kwa nini huruma ya namna hiyo inaweza kuleta madhara.

Sukari iliyomo chupani

Chupa ya mililita 300 ya soda aina ya kola huwa na gramu 30 hivi za sukari, yaani zaidi ya vijiko 7 vya chai. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya aina hii isizidi 10% ya nishati ya siku nzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 5%, kiasi cha gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja hupita kiwango hicho bora, kabla hatujahesabu chai ya maziwa iliyokolezwa sukari. Isitoshe, sukari ya kunywa haishibishi. Huingia katika damu upesi, kongosho hulazimika kutoa insulini kwa wingi, na ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Mazoea hayo ya miaka mingi huongeza hatari ya unene, kisukari cha aina ya pili na kuoza kwa meno.

Soda na mtoto anayehara

Hapa ndipo penye hatari ya haraka. Mchanganyiko wa ORS unaotolewa zahanatini huwa na gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida katika kila lita ya maji. Kiasi hicho kidogo cha glukosi huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Lita moja ya soda, kwa upande mwingine, ina zaidi ya gramu 100 za sukari na chumvi kidogo mno. Sukari hiyo nzito huyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika utumbo. Mtoto huzidi kuhara na kukaukiwa.

Soda isiyo na sukari

Je, soda yenye utamu bandia ni suluhisho? Ni kweli kwamba haipandishi sukari ya damu kama ile ya kawaida. Hata hivyo, asidi yake ingali inalainisha enameli ya meno, na kwa mtoto anayehara haina glukosi wala chumvi ya kutosha. Mwezi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri utamu bandia usitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Julai mwaka huo, aspatamu iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ingawa kiwango kinachokubalika cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito hakikubadilishwa. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 au zaidi kwa siku ili akipite. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuingiwa na hofu, lakini pia hatuna sababu ya kukiita kinywaji hicho dawa.

Hitimisho

Lugha nayo ina sehemu yake. Jina kisukari limetokana na sukari, na msikilizaji anaweza kudhani kuwa adui ni sukari ya kijikoni peke yake, asiikumbuke ile iliyofichwa chupani. Maelezo ya chupani nayo aghalabu ni ya Kiingereza, ilhali mama wa Galbet huzungumza Kisomali nyumbani na Kiswahili sokoni na zahanatini. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kumfafanulia kwa maneno anayoyaelewa: kiu dawa yake ni maji safi, anayehara apewe ORS na apelekwe zahanati, nayo soda ibaki kuwa ya sherehe, tena kwa kiasi.