Usiku wa Nyota Newala

Mgeni anayepanda Newala mwezi Juni akitokea Mtwara mjini mara nyingi huwa hakubeba sweta. Mchana hana shida, jua linawaka kama la pwani tu. Usiku ukiingia, anga ikiwa safi na nyota zimejaa, anaanza kuulizia blanketi. Wenyeji watamwambia kwamba usiku wa mawingu una nafuu. Wa nyota ndio unaouma.

Mwinuko wa uwanda wa Makonde, ilipo Newala, una mchango wake katika baridi hiyo, lakini mwinuko haubadiliki kati ya jana na leo. Mawingu ndiyo yanayobadilika. Ardhi iliyochomwa na jua kutwa nzima huliachia joto lake kwa miale isiyoonekana, kama ile unayoihisi shavuni ukikaa karibu na jiko la mkaa. Mvuke na mawingu huidaka miale hiyo, kisha huitoa upya pande zote, na sehemu yake ikarudi chini. Hewa ikiwa kavu na hakuna wingu, mingi hupotelea angani.

Wataalamu huita jambo hili athari ya kitalu nyumba, jina ambalo mimi naona limepotosha wengi. Kitalu nyumba cha nyanya hupata joto hasa kwa sababu nailoni huzuia hewa moto isipande ikatoka. Angani hakuna nailoni. Blanketi lingefaa zaidi.

Si kila gesi inafaa kuwa uzi wa blanketi hilo. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni asilimia 99 hivi ya hewa kavu, huiacha miale ya joto ijipitie. Wenye kazi ni wachache: mvuke wa maji, kaboni dioksaidi, methani na wenzao. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi mbalimbali kwenye mirija ya kioo akaianika juani. Wa kaboni dioksaidi ndio uliopata joto kuliko yote. Miaka mitatu baadaye John Tyndall wa Ireland akapima jinsi gesi za aina hiyo zinavyoimeza miale ya joto.

Bila blanketi hili wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Tunalihitaji. Shida ni unene. Kabla ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za kaboni dioksaidi. Sasa zimepita 420. Mvuke ni mwingi zaidi, lakini hukaa siku chache ukashuka kuwa mvua. Kaboni haina masika yake.

Wapo wanaosema joto la dunia linaongezeka kwa sababu jua ndilo lililozidi. Lingekuwa jua, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto. Vipimo vinaonyesha limepoa, kama kitu chochote kilichoachwa nje ya blanketi.

Hesabu hizi zina uzito wa pekee Newala. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua huzama mchangani, na tangu miaka ya 1950 Mradi wa Maji Makonde umekuwa ukisukuma maji kuyapandisha kutoka bondeni. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa yenye kiu hiyo huunyonya udongo kiangazi, na mvua ikija huja kwa kishindo. Mikorosho nayo hutoa maua wakati wa kipupwe, na mkulima huyakinga na ugonjwa wa ubwiriunga kwa kupuliza salfa. Mvua moja isiyo ya wakati wake inatosha kuiosha salfa hiyo majanini, na hela yake imeshalipwa.

Mche wa mkorosho unaopandwa huko mwaka huu, ukitunzwa, utakuwa bado unazaa mwaka 2060. Sehemu ya moshi wa lori lililouleta itakuwa bado iko angani.