Land Rover 110 'linavuta kotekote', mbona linakwama? Tatizo laweza kuwa loki ya difu ya kati

Mvua zikishika mkoani Ruvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, dereva anayetoka Songea kwenda Mbinga hana presha, kwa sababu ni lami hadi Kigonsera na kuendelea. Kazi huanza akikunja kuingia barabara ya udongo kufuata kahawa au mahindi vijijini. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na milima ya Umatengo haina huruma.

Hapo ndipo Land Rover 110 la zamani huwashangaza wengi. Gari linasifika kuvuta magurudumu yote manne muda wote, lakini tairi moja tu likizama, linazunguka lenyewe huku matatu yamesimama. Je, gari ni bovu?

Linavyofanya kazi

Kwenye Land Rover 109 za zamani, dereva ndiye aliyeamua lini magurudumu ya mbele yavute. Toleo la 110 lilipoingia sokoni mwaka 1983, mfumo ukawa wa kudumu: nguvu ya injini inakwenda mbele na nyuma wakati wote.

Ili hilo liwezekane kwenye lami, katikati kuna difu ya tatu, mbali na ya mbele na ya nyuma. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na difu hiyo huruhusu tofauti hiyo.

Kasoro yake ni moja: difu hupeleka mzunguko kwenye upande mwepesi. Tairi likiwa hewani au kwenye matope laini, huo ndio upande mwepesi.

Loki ndiyo dawa

Gia ndogo, ile ya kuchagua mwendo mzito na mwepesi, pia husukumwa upande ili kufunga difu ya kati. Fuata mchoro ulio kwenye kichwa chake. Taa ikiwaka kwenye dashibodi, mbele na nyuma vimeungana: tairi la nyuma likiteleza, mbele bado panavuta.

Funga loki kabla ya kuingia matopeni, gari likiwa limesimama au likienda taratibu na kunyooka. Usifunge tairi likiwa linazunguka kwa kasi, unaweza kuvunja meno ya ndani.

Ukirudi kwenye lami, ifungue. Gari lenye loki kwenye lami huwa zito kukata kona, hula tairi na kukaza shafti.

Taa imegoma kuzima

Mara nyingi shafti zimekaza tu. Rudi nyuma mita chache kwa kunyooka, au pitisha gari pembeni kwenye changarawe, loki itaachia. Taa ikibaki lakini usukani ni mwepesi, huenda ni swichi yake.

Loki ikigoma kuingia kabisa, mara nyingi vyuma vyake vimeshika kutu kwa kukaa bila kutumika. Izoeshe mara moja moja kwenye barabara ya udongo, hata kiangazi.

Injini inanguruma, gari haliendi

Umeweka gia, umeachia klachi, gari limetulia. Kabla ya kulaumu gia boksi, funga loki. Gari likiondoka, huenda shafti imekatika mbele au nyuma, na nguvu yote ilikuwa inaishia huko. Unaweza kwenda taratibu hadi kwa fundi kwa kutumia upande uliobaki. Kama propela ndiyo imekatika, ifungue kwanza isije ikapiga chini.

Hatari kwenye jeki

Hili limebeba uhai wa watu. Handbreki ya 110 haishiki magurudumu; inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaweza kuliacha lizunguke, na gari likateremka handbreki ikiwa imevutwa.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga jeki, hasa mlimani: funga loki, hakikisha taa yake inawaka, vuta handbreki, weka gia, kisha weka mawe au vigingi kwenye matairi yaliyobaki chini. Asiingie mtu uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake.

Kabla ya masika

Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika kwa usawa. Yakitofautiana, difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika hata njia ikiwa imenyooka. Kagua oili ya difu zote tatu. Na ukisikia mlio wa "kong" kila ukikanyaga na kuachia mafuta, mwambie fundi aangalie krosi za propela mapema, kabla hazijakatika katikati ya mlima na mzigo mgongoni.