Mtungi wa Gesi Uliovishwa Kitambaa

Mtungi wa gesi niliomnunulia mama mwaka 2021 niliukuta Desemba ya mwaka uliofuata umesimama kwenye kona ya sebule, umevishwa kitambaa cha kufuma. Juu yake kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Mama mwenyewe alikuwa jikoni, kile kijumba cha mbao nyuma ya nyumba kubwa, anapuliza matawi mabichi ya mibuni yaliyokataa kushika moto. Alitoka kunipokea macho mekundu, anakohoa, akanikumbatia na harufu ileile ya moshi niliyokua nayo.

Baada ya salamu nikauliza, “Mama, gesi imeisha?”

“Haijaisha, mwanangu. Hiyo ni ya wageni.”

Msomaji mwenzangu, kama uko ughaibuni na una mzazi nyumbani, huenda na wewe una mtungi wako wa namna hiyo. Labda si mtungi. Labda ni friji iliyogeuzwa kabati, au taa ya sola iliyobaki kwenye boksi lake. Tunatuma kwa mapenzi, tunapigiwa simu ya shukrani, tunaamini tatizo limekwisha.

Mimi lilinichoma zaidi kwa sababu ya kazi yangu.

Swali lisilokuwa kwenye fomu

Ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya kifua, katikati ya Uingereza. Wagonjwa wetu wengi wana ugonjwa sugu wa mapafu ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD: njia za hewa zimesinyaa, kutembea kutoka kitandani hadi chooni ni safari. Huku mshukiwa wa kwanza huwa sigara. Tunapompokea mgonjwa tunamuuliza kama anavuta, alianza lini, ameacha lini. Hakuna sehemu ya kumuuliza amepikia nini maisha yake yote.

Nimejizoeza kuliuliza mwenyewe, hasa kwa akina mama wazee waliohamia huku kutoka vijijini Asia na Afrika. Wengine hushangaa, kisha wanacheka, kisha wanaanza kuhadithia: kuni, samadi kavu, jiko lisilokuwa na dirisha, mtoto mgongoni. Hawajawahi kushika sigara hata siku moja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka mitano. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Zinapita puani, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake si kikohozi peke yake. Yamo pia magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Nilimweleza mama yote hayo usiku ule, karibu na mafiga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipa sahani ya kiburu akasema, “Kula kwanza.”

Sababu za mama

Kesho yake niliacha kuhubiri, nikamuuliza kwa nini. Akanieleza, wala hakuwa na aibu.

Duka la kubadilisha mtungi liko chini stendi. Kushusha mtungi mtupu na kupandisha mzima mlimani ni nauli ya bodaboda, na gesi yenyewe hailipiwi kidogo kidogo. Unatoa fedha yote kwa mkupuo. Kuni anazikata kihambani, hazimdai kitu. Pili, lile jiko dogo linalokaa juu ya mtungi linayumba akiweka sufuria ya watu kumi. Tatu, mahindi yake yamewekwa darini juu ya jiko, na moshi ndio unaofukuza wadudu. Nne, mwezi wa saba huku juu kuna baridi, na moto wa kuni ndio kikao cha jioni.

Akamalizia, “Sasa gesi ikikata katikati ya mtori, nikupigie simu Ulaya?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnunulia jiko bila kumnunulia kesho yake. Nilikuwa pia sijawahi kumuuliza anapika nini, kwa sufuria gani, kwa ajili ya nani. Mgonjwa wodini nisingemfanyia hivyo. Nisingempa dawa bila kujua kama ana maji ya kuimezea.

Waingereza nao walivuta moshi

Niliporudi kazini nilianza kuwasikiliza tofauti wazee wa huku. Wengi walikulia kwenye nyumba zenye mekoni ya makaa ya mawe. Wanakumbuka masizi kwenye nguo zilizoanikwa, na kuta za majengo zilizokuwa nyeusi.

Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa kwa siku tano. Baadhi ya ng'ombe walioletwa mjini kwa maonyesho ya mifugo walikufa kwa kukosa pumzi. Kisha ikaonekana kwamba watu nao walikuwa wamekufa. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama 4,000, na watafiti wa baadaye waliona idadi ilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Ilichukua miaka mingine minne kupata Sheria ya Hewa Safi ya 1956. Nilichojifunza katika sheria ile ni hiki: haikuishia kukataza moshi. Maeneo yalipotangazwa kuwa hayaruhusiwi moshi, wenye nyumba walisaidiwa sehemu kubwa ya gharama ya kubadilisha meko. Mwingereza naye alipenda moto wake wa makaa, naye aliona ni kikao cha jioni. Hakuuacha kwa kuhubiriwa tu.

Na safari yao ilikuwa ndefu. Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe nchini humu, Ratcliffe-on-Soar karibu na Nottingham, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Umeme wa makaa ulikuwa umeanza hapa mwaka 1882. Ile minara yake minane ilionekana kutoka kwenye treni, na nilikuwa nimezoea kuona mvuke unapanda juu yake. Taifa tajiri lilihitaji miaka 142 kuachana na makaa kwenye umeme wake. Mimi nilitaka mama yangu aache kuni kwa mtungi mmoja.

Jibu lilikuwa bandani

Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, wanafugwa ndani kama ilivyo desturi ya kwetu Kilimanjaro: wanakatiwa majani, wanaletewa migomba, hawatoki. Kila asubuhi kazi ya kwanza ni kuzoa samadi na kuipeleka migombani. Jirani yetu mmoja alikuwa na mtambo wa bayogesi wa siku nyingi, na mama aliujua vizuri. Nilipomuuliza angependa nini badala ya mtungi, alionyesha banda kwa kidole. “Hawa wako hapahapa.”

Teknolojia hii si ngeni nchini. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikiishughulikia tangu miaka ya 1980. Fundi anachimba shimo, anajenga kuba la matofali na saruji chini ya ardhi lisilopitisha hewa. Kila siku unamimina samadi mbichi iliyokorogwa na maji, kwa kawaida kiasi sawa kwa sawa. Humo ndani bakteria wasiohitaji hewa wanaimeng'enya na kutoa gesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Gesi inapanda juu ya kuba na kupita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wake ni wa bluu, hauna masizi. Tope linalosukumwa nje upande wa pili ni mbolea nzuri, tena haina harufu kali kama samadi mbichi.

Mdogo wangu, ambaye ni mwanafunzi na anapenda mambo ya tabianchi, alifurahi kuliko wote. Akatukumbusha kwamba methani ikiachwa ipae hewani inaongeza joto la dunia kuliko hewa ukaa, kwa hiyo ni afadhali kuichoma chini ya sufuria. Pia akatusahihisha jambo tulilozoea kulicheka: methani nyingi ya ng'ombe haitoki nyuma, inatoka mdomoni anapobeua. Hiyo mtambo hauwezi kuikamata.

Gharama ilikuwa mara nyingi ya bei ya mtungi. Tulichanga watoto watatu kwa miezi saba. Safari hii mama ndiye aliyekaa na fundi. Alichagua jiko liwe wapi na liwe imara kiasi gani, na akadai dirisha kubwa.

Si hadithi ya muujiza

Ningependa kukwambia mambo yakaisha hapo. Gesi haikutoka siku ya kwanza. Ilichukua wiki kadhaa. Baridi ya mwezi wa saba ilipofika, moto ulipungua, kwa sababu wale bakteria wanapenda joto. Kisha ng'ombe mmoja akauzwa kwa ajili ya ada ya mpwa wangu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini nusu ya samadi iliondoka naye. Mama akarudi kwenye kuni kwa maharage na makande, chakula kinachokaa jikoni kwa saa nyingi.

Hapo tukaongeza sufuria ya umeme ya presha. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme, na mama mwenyewe alithibitisha kwa kusoma mita ya LUKU kabla na baada. Ule mtungi wa gesi ulivuliwa kitambaa, sasa ni wa akiba umeme ukikatika. Mahindi yamehamia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mafiga bado yapo, kwa mbege na kwa misiba, ambapo sufuria ni za watu mia. Sijamwambia ayaondoe.

Kikohozi kimepungua, ila hakijaondoka. Tulimpeleka kupima kifua kikuu kwanza, kwa sababu kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hakipaswi kubahatishwa, na majibu yalikuwa mazuri. Mapafu yaliyoumizwa na moshi wa miaka hamsini hayarudi kuwa mapya. Tunachofanya ni kuzuia yasiendelee kuumia. Ninalijua hilo kwa kazi, lakini kulisema kuhusu mama yako ni jambo jingine. Kama ningemuuliza lile swali miaka kumi mapema, huenda leo angepanda kilima bila kupumzika njiani.

Kabla hujatuma

Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Sisi tunaotuma fedha nyumbani tumo ndani ya hesabu hiyo, tupende tusipende. Kwa hiyo, kutokana na kosa langu, nina machache ya kukushauri.

Muulize anayepika, si anayepokea fedha. Ujue chakula cha kila siku na ukubwa wa sufuria. Kisha uliza kitu hicho kitalishwa na nini kikishanunuliwa: gesi inajazwa wapi, umeme unakatika mara ngapi, ng'ombe ni wangapi, na maji ya kukoroga samadi yatatoka umbali gani. Pasipo na maji karibu, bayogesi ni mzigo mwingine kichwani kwa mwanamke. Kama ni mtungi, tenga fedha ya kuujaza pembeni, isichanganyike na ya sukari na dawa.

Na wakati mnajipanga, yapo ya kufanya leo: kuni zikaushwe, jiko liwe na dirisha au bomba la moshi, watoto wachanga wasikae karibu na moto. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Hili linatuhusu hata sisi wa huku kwenye baridi, maana gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Mimi nikipiga simu Jumapili, baada ya shikamoo na marahaba nauliza kama ng'ombe wamekula. Mama anacheka, anasema nimekuwa mfugaji. Mwezi uliopita alinijibu kwamba yule aliyebaki ana mimba, na kwamba akizaa jike, hauzwi.