RCBO: Breka Unafaa Kuwa Nayo Kwa Keja Kabla Shawa Ikunase

Ingia keja yoyote ya kupanga pale Oruba, Migori, ama Sofia, Homa Bay, ufungue kile kisanduku cha breka kiko karibu na mlango. Mara nyingi utapata breka tatu ama nne zimejipanga vizuri, na landilodi ashakuambia nyumba iko salama. Manze, hizo breka hazikujui. Kazi yao ni kulinda waya usichomeke ndani ya ukuta. Wewe hauko kwa hiyo hesabu.

Cheki hivi. Breka ya soketi mara mingi imeandikwa 32. Hizo ni ampea 32, yaani miliampea 32,000. Binadamu akipitiwa na miliampea 50 hivi kifuani kwa sekunde kadhaa, moyo unaweza kuvurugika na akadedi. Kwa hivyo stima ya kukumaliza ni kidogo sana hata breka haiisikii. Inakaa tu imetulia, na wewe uko chini ya shawa umekwama.

Najua kuna msee anasema, "Lakini kwangu kuna ethi." Sawa. Ethi ya nyumba nyingi huku ni chuma kimepigwa chini nyuma ya nyumba. Kwa udongo mkavu wa mawe, ukinzani wa hicho chuma unaweza kufika omu 50 ama hata zaidi. Stima yetu ni volti 240. Gawanya 240 kwa 50, unapata ampea 4.8. Friza ikiwa na waya umechubuka unagusa bodi, ampea 4.8 ndio zitapita kwenda chini, na breka ya 32 haitaanguka leo wala kesho. Bodi ya friza inabaki na moto ikingoja mtoto aiguse.

Hapo ndio RCBO inaingia. Ni breka moja yenye kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida: mzigo ukizidi ama shoti ikitokea, inaanguka. Ya pili ndio tamu. Inapima stima inayotoka kwa waya wa moto na ile inayorudi kwa nyutro. Zikiwa sawa, poa. Kama kuna miliampea 30 zimepotea njiani, inajua zinapitia mahali hazifai, labda kwa mwili wako, na inakata kabla ya sekunde moja kuisha. Shoti utaisikia, hiyo usidanganyike, lakini utabaki kusimulia.

Sasa, kuna kifaa kingine mafundi wengi huita ELCB, kikubwa kidogo, kinawekwa kimoja kwa nyumba nzima. Kinashika stima inayovuja, lakini mzigo ukizidi hakijali, lazima kiwe na breka kando. Shida yake kubwa ni hii: chukua msee wa Mbita ama Kendu Bay mwenye friza imejaa mbuta na ngege. Saa nane usiku mvua inaingia kwa taa ya nje, kifaa kinaanguka, nyumba yote inazima, friza pia. Asubuhi samaki wameanza kunuka. Unajua anachofanya? Anaita fundi, fundi anaunganisha waya unaruka kile kifaa, na maisha yanaendelea bila ulinzi wowote. Hiyo ndio noma yenyewe. RCBO unaweka moja kwa kila laini, kwa hivyo taa ya nje ikileta shida inazima taa ya nje pekee. Friza inaendelea kunguruma.

Ukienda kwa hadweya kununua, usiseme tu "nipe RCBO." Soma maandishi ya mbele.

Angalia kwanza ampea. Hapa wengi huchagua kulingana na kifaa, lakini mwenye kuamua ni waya. Waya wa 1.5 wa taa, weka 6 ama 10. Waya wa 2.5 unaoenda kwa soketi na kuishia hapo, 16 ama 20. Kama soketi zimezungushwa na waya wa 2.5 unarudi kwa kisanduku, 32 iko sawa. Shawa ya wati 5,500 inavuta kama ampea 23, hiyo inataka 32 na waya wa 6. Kuna mafundi huvuta waya wa 2.5 hadi kwa shawa kisha wanaweka breka ya 32 juu yake. Omera, hiyo ni kupika ukuta.

Halafu miliampea. Ya kulinda watu ni 30. Ukiona 100 ama 300, hizo zinasaidia kuzuia moto usianze kwa jengo, hazikuokoi wewe. Muuzaji akikuambia "ni ile ile tu," toka hapo.

Herufi iliyo mbele ya ampea, kama B20 ama C20, inaonyesha breka inavumilia kiasi gani kifaa kinapowaka. B inaanguka stima ikifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10. Nyumba ya kawaida, B inatosha. Friza kubwa, pampu ya maji ama mashine ya jua kali yenye mota, chukua C, la sivyo itakuwa inaanguka kila ukiwasha.

Kuna pia alama ndogo ya wimbi. Wimbi moja pekee ni aina ya AC, ya zamani. Wimbi likiwa na vilima vidogo vya nusu chini yake, hiyo ni aina ya A. TV za siku hizi, chaja za laptop, mashine za kufua na friza za inverta zinaweza kufanya ile ya AC isione stima inavuja. Ongeza ganji kidogo uchukue A.

Mwisho uliza kama inakata nyaya zote mbili, moto na nyutro. Kuna nyumba moto na nyutro zimegeuzwa na hakuna anayejua, kwa hivyo inayokata zote ndio safi.

Kwa wasee wa migodi kule Macalder na Nyatike wanaoshusha pampu kwa mashimo yenye maji: stima ya fezi tatu inataka kifaa cha nyaya nne, na hapo usibahatishe, itisha fundi mwenye leseni ya EPRA. Hata wa nyumba muulize leseni, haoni aibu kama anayo. (Kwa wasiojua, ile stesheni ya Gogo kwa Mto Kuja ilijengwa miaka ya 1950 kupelekea mgodi wa Macalder stima. Stima na dhahabu huku wamejuana kitambo.)

Feki ziko. Cheki alama ya KEBS na utume namba yake kwa 20023 kabla ya kulipa. Bei ya RCBO ni mara kadhaa ya breka ya kawaida, kwa hivyo kama doo ni kidogo anza na laini ya shawa, kisha soketi, kisha chochote kiko nje. Taa za ndani zitangoja. Na radi za huku ziwaziko akilini: RCBO haizuii radi, hiyo ina kifaa chake.

Ikishawekwa, finya kale kabatani ka T kila baada ya miezi michache. Isipoanguka, imekufa, badilisha. Ikianguka yenyewe, usiite fundi wa kuiruka. Chomoa kila kitu kwa hiyo laini, iinue, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitaiangusha ndio mwizi, na mara mingi ni pasi ama birika ya stima ya zamani.