Programu ni ya Bure, Lakini Nani Anamlipa Anayeandika Mwongozo?

Chukua picha hii. Ni Jumatatu asubuhi katika kituo kimoja cha afya, si mbali na soko la Kosele, upande wa Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Karani aliyeizoea kompyuta amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake ana siku mbili tu kazini. Mbele yake kuna mama aliyekuja kuchukua dawa, na jina la mama huyo linatokea mara mbili kwenye skrini. Rekodi moja inaonyesha lini alichukua dawa mara ya mwisho. Nyingine haina kitu. Aendelee na ipi? Mwongozo upo, lakini ni mrefu na ni wa Kiingereza cha wataalamu. Foleni nayo inazidi kuwa ndefu.

Programu yenyewe haina shida. Vituo vingi vya afya nchini vinatumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS. OpenMRS ni programu huria: yeyote anaweza kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha bila kununua leseni. Kazi ya kuiunda ilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika hapa hapa Kenya, kwa mpango wa AMPATH kule Eldoret. Homa Bay ni mojawapo ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini, kwa hivyo rekodi iliyopotea hapa si jambo dogo. Ni mtu anayeweza kukosa dawa.

Tatizo ni kwamba waandishi wa programu huria wako wengi kuliko waandishi wa maelezo yake. Kuandika mwongozo unaoeleweka na mtu wa kawaida ni kazi ya siku nyingi, na kazi hiyo inahitaji kulipwa. Je, inaweza kulipwa na jarida dogo linalouzwa kwa simu? Tunaona inawezekana, ikiwa pesa zitashikwa vizuri.

Si wazo jipya

Shirika la Free Software Foundation lilianzishwa Marekani mwaka 1985. Programu zake zilikuwa huria, lakini liliuza kanda zenye programu hizo na miongozo iliyochapishwa kwenye karatasi. Kanda ya programu ya Emacs iliuzwa dola 150. Kuanzia 1986 lilikuwa na jarida lake, GNU's Bulletin, na ndani yake mlikuwa na fomu ya kuagizia kanda na miongozo. Msomaji aliyeagiza alikuwa anachangia kazi iendelee.

Huku kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ulionyesha kwamba lugha yetu inaweza kubeba mambo ya kompyuta. Kinachobaki ni nani atagharamia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka.

Piga hesabu kabla ya kuchapisha

Tuseme kikundi cha vijana wa Kosele kinataka kutoa jarida la kurasa 16. Kila toleo lina somo moja la programu huria, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili na Dholuo. Ndani kuna pia habari ambazo watu watazilipia hata kama hawana kompyuta: bei za soko, viazi vitamu vya Kabondo, nafasi za masomo. Hizi hapa ni tarakimu za mfano tu:

Nakala 200 kwa shilingi 60 za uchapishaji ni 12,000. Usafiri na usambazaji, 2,000. Ukiuza zote kwa shilingi 100 unapata 20,000, unabaki na 6,000. Ukimlipa mwandishi shilingi 500 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 12 za mwongozo.

Sasa tuseme nakala 50 zimebaki kwenye boksi. Mapato yanashuka hadi 15,000. Ukitoa gharama unabaki na 1,000, yaani kurasa mbili tu. Hapo ndipo majarida mengi madogo hufia.

Dawa yake ni kuuza kabla ya kuchapisha. Wasomaji 120 wakilipa shilingi 100 mapema, pesa ya mchapishaji imepatikana yote. Nakala 80 zinazobaki zikiuzwa, usafiri unalipwa na mwandishi naye anapata chake. Wasomaji 120 wasipofika, usichapishe. Rudisha pesa za watu au uombe ruhusa yao kusubiri.

Pesa zipitie wapi?

*Usitumie laini yako binafsi.* Pesa ya jarida ikichanganyika na ya unga na ya karo, hata ukiwa mwaminifu hutaweza kuthibitisha. Chukua nambari ya biashara kwa jina la kikundi.

*Till au Paybill?* Till inafaa kwa anayenunua nakala papo hapo sokoni. Kwa wanaolipia mapema, Paybill ni bora kwa sababu ina nafasi ya nambari ya akaunti. Mwambie msomaji aandike hapo TOLEO1 au TOLEO2. Siku ya kugawa nakala utajua nani alilipia nini bila kubishana.

*Uliza ada mapema.* Kwenye malipo ya shilingi 100, ada ndogo pia inauma. Jua ni nani anayeikatwa, mnunuzi au nyinyi, kisha uiweke kwenye bei.

*Pesa iliyolipwa mapema bado si yenu.* Iacheni kwenye akaunti mpaka nakala zitoke. Kutoa pesa kuwe na watu wawili wanaokubaliana, na PIN isizunguke kwenye kikundi.

*Hakikisha salio.* Mtu akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usimpe nakala kwa sababu ya huo ujumbe. Angalia kama pesa imeingia kwako. Ujumbe bandia ni rahisi kutengeneza.

*Chapisha hesabu.* Kila mwezi chukua taarifa ya akaunti, na kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida andika: tulipokea kiasi hiki, tulimlipa mchapishaji hiki, mwandishi hiki, kimebaki hiki. Msomaji akiona shilingi yake ilipoenda, atalipia toleo lijalo.

Mambo mawili ya kuchunga

Kwanza, somo lenyewe libaki huria. Jarida la karatasi linaweza kuuzwa, lakini mwongozo uliolipiwa na wasomaji uwekwe pale ambapo kila karani anaweza kuusoma na kuunakili bure. Leseni huria nyingi za maandishi zinaruhusu yote mawili. Msomaji ananunua karatasi, habari za soko, na kazi ya mwandishi kuendelea.

Pili, picha za skrini zisiwe na mgonjwa wa kweli, hata jina moja. Tumieni mgonjwa wa kubuni. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria, Kosele ni mahali ambapo watu wanajuana.

Turudi kwa yule karani

Angekuwa na ukurasa mmoja unaosema: "Ukiona jina mara mbili, usifute. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na nambari ya mgonjwa, endelea na rekodi yenye historia, kisha mjulishe msimamizi aunganishe hizo mbili," yule mama angekuwa ameshapata dawa na kupanda boda kurudi nyumbani. Kwenye hesabu yetu ya mfano, ukurasa huo unagharimu shilingi 500. Ni wasomaji watano waliolipa mia mia.

Kama kikundi chenu kina wazo kama hili, anzeni na hesabu kwenye karatasi, kisha mpitie kwa wakala aliye karibu muulize stakabadhi za kufungua nambari ya kikundi. Toleo la kwanza likiwa dogo, si neno. Haba na haba hujaza kibaba.