Vidudu Ndani ya Kopo la Miche

Siku hizi baadhi yetu tunaotesha miche ndani ya nyumba, bila kutumia udongo. Tunatia vumbi la makumbi ya nazi katika kopo au trei, na mmea unapewa chakula chake kikiwa kimechanganywa na maji. Wengi hudhani kwamba pasipo udongo hapana wadudu. Sivyo. Wadudu hufuata unyevu, na makumbi hushika maji sana.

Ndugu msomaji, ukiona vidudu katika kopo lako usikimbilie dawa. Kwanza watazame. Mimi nilipoanza kazi hii niliona vidudu vyeupe vinarukaruka. Nikaogopa, nikamwaga miche 30 ya nyanya shimoni. Kumbe vile vidudu havikuwa na kosa!

Mdudu yule mrukaji ana urefu wa milimita 1 au 2, wala hana mabawa. Chini ya tumbo ana mkia wenye panda, nao ndio unaomrusha. Chakula chake ni ukungu na vitu vilivyooza. Kwa kawaida hadhuru mche. Je, utamjuaje? Chukua kijiko kimoja cha vumbi la makumbi, tia katika glasi ya maji, koroga taratibu. Wataelea juu.

Wa kuogopwa ni mwingine. Huyu ni kijinzi cheusi, chembamba, chenye miguu mirefu kama mbu. Hakiumi watu. Ukitikisa mche utakiona kikiruka ovyo ovyo karibu na kopo. Huyo mkubwa si kitu. Taabu iko kwa watoto wake. Jike hutaga mayai mengi kwenye unyevu, yakatoka funza weupe wenye kichwa cheusi kinachong'aa. Hao hula ukungu, na pia hutafuna mizizi myororo. Mche mchanga hunyauka ingawa maji yapo. Mwenye mche naye, akiona umenyauka, anazidi kuumwagia maji! Hapo ndipo anapowaongezea funza raha.

Hebu jaribu hivi. Kata kipande cha kiazi cha mviringo kibichi, ukilaze juu ya makumbi. Baada ya siku 2 kigeuze. Funza wakiwamo, utawakuta wamejikusanya chini yake. Watupie kuku.

Dawa yao kubwa ni ukavu. Acha sentimita 2 za juu zikauke kabla ya kutia maji tena. Afadhali kunywesha kwa chini: weka kopo lenye matundu katika sinia la maji kwa nusu saa, kisha litoe. Wale wanaoruka, wategee kipande cha plastiki ya rangi ya manjano kilichopakwa grisi. Watanasa wenyewe. Endelea hivyo wiki 4 bila kuchoka, maana mayai yaliyobaki huanguliwa baadaye, na katika joto letu yai huwa kijinzi kamili kwa muda wa wiki 2 hivi au 3.

Ile dawa ya kupulizia pamba au kahawa isiingie kabisa katika chumba mnacholala na watoto.

Ukimaliza msimu na unataka kutumia makumbi yaleyale, yamwagie kwanza maji yanayochemka. Yaache yapoe kabisa ndipo usie mbegu.